Mbegu Moja Iliyobaki

Hapa kijijini Iguguno siku yetu huanza na mbuzi. Binti yangu Evodia huwafungulia, hufagia uwanja, kisha huenda shule. Mama yake alifariki. Tumebaki wawili.

Mbuzi tunawachunga kwa zamu na majirani. Jioni kila mtu hupokea wake.

"Wote wamerudi?" nilimuuliza Evodia siku moja.

"Wote, baba."

"Wangapi?"

Akawatazama. "Wa pembe moja yupo, mweusi yupo, wale wekundu wapo..."

"Nimeuliza wangapi!"

Akaanza tena kwa yule wa pembe moja. Asubuhi tukakuta mmoja wa wale wekundu hayupo. Fisi alituachia kwato tu.

Miaka miwili ya shule, na mtoto hawezi kuhesabu mbuzi kumi na watano! Wakubwa wa elimu wamempa mwalimu mmoja watoto tisini, na madawati hayatoshi. Kisha wanakuja na magari kuuliza mbona watoto hawajui.

"Jumatatu huendi," nilimwambia Evodia. "Utachunga."

Hakulia. Alifunga daftari zake kwenye khanga ya mama yake, akazisukuma chini ya kitanda.

Ijumaa mchana nilikwenda shuleni kumtoa. Nilikuta walimu watatu wameketi darasani, kila mmoja na daftari. Mwalimu mkuu, Theodora, akanionyesha dawati la nyuma.

"Karibu, baba Evodia. Tunamaliza kikao, tutakusikiliza."

Nikakaa. Magoti yakagonga mbao.

Mwalimu Luciana ndiye anayemfundisha Evodia. Ni binti mdogo. Aliniamkia, kisha akasoma daftari lake.

"Wiki hii sikutaka watoto waimbe namba tu. Niligawa mbegu za alizeti, kumi kumi, wahesabu kwa mkono. Nilipogeukia ubao, wakazila. Yakabaki maganda. Nikafoka, somo likafa."

Wenzake wakacheka. Mimi niliona aibu kwa ajili yake.

"Mwalimu," nikasema, "mbona unajianika hivyo?"

Aliyenijibu ni Theodora. "Baba, ukipanda mapema mbegu zikaoza, ukanyamaza, jirani naye ataozesha zake. Ndiyo maana kila Ijumaa tunasomeana. Nilijaribu nini, kiliharibikia wapi, nitabadili nini."

Mwalimu Gerald wa darasa la nne akasema, "Wangu walikula mahindi. Nikahamia magunzi. Gunzi haliliwi."

"Mbuzi analila," nikasema.

"Kwani mimi nafundisha mbuzi, mzee?"

Wakacheka tena, na mimi kidogo.

"Lakini Luciana," Gerald akaendelea, "hizo alizeti usiziache. Wanawe mikono, wakae wawili wawili. Mmoja ale tatu, mwenzake aseme zimebaki ngapi. Halafu wabadilishane."

Luciana akaandika haraka. Kisha akaniuliza nilichofuata.

"Kumtoa Evodia. Hajui kuhesabu, nimepoteza mbuzi."

Akafungua ukurasa mwingine, akasoma polepole. "Evodia anakariri namba hadi hamsini. Nikimpa vitu, anapotea. Sijui nimsaidieje." Akaniangalia. "Hilo nililiandika wiki iliyopita, baba. Kosa si la mtoto."

Sijawahi kusikia mkubwa yeyote akisema hivyo.

"Mbuzi anawajua kwa sura, mmoja mmoja," nikasema.

"Basi tuanzie hapo," akasema Gerald. "Asubuhi, kila mbuzi anayetoka zizini, aweke mbegu moja kwenye kikopo. Jioni, kila anayeingia, atoe moja."

"Nipe wiki mbili, baba," Luciana akasema.

Nikampa. Jumatatu Evodia alifungua ile khanga mwenyewe.

Darasani wakala alizeti kwa hesabu. Nyumbani tukaweka kikopo karibu na mlango wa zizi. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo tulihesabu pamoja.

Wiki ya pili, jioni moja, mbuzi waliingia kwa vumbi na fujo. Mimi niliona wote wapo. Nikashika mlango nifunge.

"Baba, ngoja." Evodia aliinamisha kikopo. "Wametoka kumi na wanne. Imebaki mbegu moja."

"Nani hayupo?"

Akachungulia zizini. "Wa pembe moja."

Tulimkuta korongoni, amenaswa kwenye miiba, jua bado halijazama. Nikambeba mabegani.

Madawati wakubwa hawajaleta hadi leo. Jumatatu iliyofuata nilimpelekea Mwalimu Luciana debe la alizeti.

Lakini jioni ile ya korongoni, yule wa pembe moja alipoingia zizini, Evodia alitoa mbegu ya mwisho kwenye kikopo, akaimenya, akaila.