Vitunguu Pembezoni mwa Sahani

Foleni ya duka la kutoa kopi mbele ya lango la chuo haikuwa foleni, ilikuwa vurugu iliyosimama wima. Mitihani ilikuwa mlangoni, mashine moja imezira, iliyobaki inatema karatasi za moto, na kila mwanafunzi ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya msukumano huo msichana mwembamba, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni kama mkufu, alikuwa ameukodolea macho mgongo wa kijana aliyemtangulia.

"Shati lako limeshonwa na mtu mwenye ugomvi na wewe," alisema, na alipogundua kwamba amesema kwa sauti alikuwa ameshachelewa.

Kijana aligeuka. Ovaroli yake ya buluu aliishusha mpaka kiunoni na mikono yake akaifunga kama mshipi. Juu alivaa shati jeupe lenye bega linaloporomoka.

"Limekosa nini?"

"Bega la kushoto liko kwako. La kulia liko kwa jirani."

Watu walicheka. Msichana naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hakucheka kicheko chake. Chake kilikuwa kidogo, cha kutokea puani, na tangu utotoni alikuwa akikifunika kwa kiganja. Alichokitoa pale dukani kilikuwa cha mwenzake wa chumbani: kicheko cha kupiga makofi na kuinama mpaka magotini.

"Hicho kicheko," kijana alisema huku akitabasamu, "ni cha mtu aliyekulia nyumba yenye watu wengi."

"Ndugu saba," alijibu. "Kwetu usipopaza sauti unalala njaa."

Hakuwa na ndugu hata mmoja. Ndugu saba walikuwa wa yule yule mwenye kicheko.

Darasani, kwenye ubunifu wa mavazi, walimwita Tepu. Alilelewa na shangazi yake, mpiga pasi, katika nyumba ambayo kitu chenye kelele kuliko vyote kilikuwa mvuke. Alipoingia chuoni alikuta wenzake wamekuja na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la hadithi za kwao. Yeye alikuja na moja. Basi mwaka wa kwanza alipendwa na kijana wa kwaya, akajua nyimbo zote. Akapendwa na mcheza mpira, akawa anabishana na waamuzi. Kila mpenzi alipoondoka alimwachia tabia mpya, na yeye mwenyewe akazidi kupungua, kama nguo inayopunguzwa kila ikija kwa fundi.

Kijana wa ovaroli alisomea ufundi wa majokofu, nao wenzake walimwita Friji, kwa ufundi wake na kwa sababu hata umfokee vipi hapandi joto. Kabla mitihani haijaisha Tepu alikuwa amemshonea shati jipya. Kabla matokeo hayajatoka walikuwa wanashikana mikono hadharani.

Alasiri moja, kwenye benchi nyuma ya maktaba, Friji alimweleza habari za baba yake. Alikuwa fundi wa redio, alimfundisha kushika bisibisi kabla ya kalamu, kisha akaugua na kuondoka.

"Sijamwambia mtu hapa chuoni," alisema. "Wakijua wananionea huruma, na mimi huruma siiwezi."

Tepu aliuma ncha ya tepu yake. Na mdomo, mdomo huu ambao Mungu angeuwekea kufuli watu wengi wangelala usingizi, ukasema wenyewe:

"Hata mimi wangu alifariki."

Kisha akasimulia. Baba dereva wa lori. Yeye mtoto, akajificha nyuma, katikati ya magunia ya vitunguu, ili wasafiri pamoja. Baba akasikia chafya, akasimamisha gari, akamkuta machozi yanamtiririka, naye baba akalia, na wote wawili wakasingizia vitunguu. Baadaye lori lile lile likamchukua baba moja kwa moja. Tangu siku hiyo, alisema, vitunguu havimpiti kooni.

Friji alimshika mkono, akaulowesha kwa machozi. Tepu aliutazama ule mkono uliolowa kwa ajili ya baba wa mtu mwingine, akatamani kuukata na kuutupa.

Maana baba dereva, magunia, chafya, vyote vilikuwa vya mwenzake wa chumbani, msichana mnene mchangamfu aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Alimsimulia Tepu mara moja tu, taa ikiwa imezimwa.

Ikawa kila wakienda kula, Tepu anasogeza vitunguu pembezoni mwa sahani, na Friji anamtolea. Na Tepu anavipenda. Ikawa pia kila Redio akisema, "Huyo fundi wako nitamwona lini, bibie, au ni wa kuazima?" yeye anatafuta udhuru. Jioni simu ikilia, anatoka nje ya chumba kuipokea.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula, fundi wangu. Wewe?"

"Nimekula. Nimetoa vitunguu vyote kwenye sahani, ndipo nikakumbuka sahani ni yangu."

"Ndiyo kupenda huko."

"Ndiyo kuchanganyikiwa."

Alicheka, cha makofi, na masikio yakamwaka moto.

Siri haikudumu. Friji la ukumbi wa hosteli lilianza kuvuja maji, na mlezi wa hosteli akamwita fundi wa chuo, na fundi akamtuma mwanafunzi wake hodari. Jumamosi mchana Tepu aliporudi kutoka kufua, alimkuta Friji wake amepiga magoti anabadilisha mpira wa mlango, na Redio ameketi kitini kando yake, amevaa gauni la maua, amekunja miguu, yuko hewani.

"...basi mimi nimo ndani ya vitunguu, nabana chafya, nabana..."

Bisibisi ilisimama. Friji aliinua uso polepole, akamtazama Redio, kisha Tepu aliyeganda mlangoni na beseni la nguo.

"Halafu baba akasimamisha gari," Friji alisema.

"Eh, umejuaje?" Redio alianza kucheka, kisha akafuata macho ya kijana mpaka mlangoni. Kicheko kikamkatikia. Hakuwa mjinga. Aliuona uso wa mwenzake, akaelewa yote kwa mkupuo.

"Aa, nachanganya," alisema kwa sauti nyembamba ambayo Tepu hajawahi kuisikia. "Hii ni ya huyu. Kanisimulia mpaka naiona kama yangu."

Akainuka, akapita bila kumgusa, akaenda zake. Angemtukana ingekuwa nafuu. Kumwachia baba yake hivi hivi, ili tu asiaibike mbele ya mwanamume, kulimchoma Tepu mahali ambapo tusi lisingefika.

Friji alimalizia kazi. Alikaza skrubu ya mwisho, akanawa mikono.

"Msifungue mlango wa friji mpaka jioni," alisema, akabeba mfuko wake wa vifaa, akaondoka.

Chumbani Redio alikuwa ameelekea ukutani.

"Nisamehe," Tepu alisema.

"Gauni langu uvae. Sabuni yangu utumie. Kicheko changu nimekusikia nacho tangu mwaka jana, nikasema muache, labda chake kimeharibika." Aligeuka, macho mekundu. "Baba yangu mwache."

"Nimekukosea sana."

"Sana. Na yule umemliza kwa msiba usio wako. Nenda kamwambie. Ukirudi bila kumwambia, hama chumba."

Alimpigia Friji, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaandika ujumbe, akaufuta. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda karakana kwa miguu yake.

Alimkuta peke yake katikati ya majokofu yaliyovuliwa milango. Hakuwa amevaa shati alilomshonea. Alikuwa amevaa lile la bega la jirani.

"Umekuja na hadithi ipi leo?" Friji aliuliza bila kugeuka.

"Na yangu. Ni fupi." Alisogea hatua moja. "Baba yangu yupo."

"Yupo?"

"Mzima wa afya. Anauza matairi mji mwingine. Ulipokuwa unaniambia vile baba yako alivyokushikisha bisibisi, niliona aibu kukwambia wangu yupo na hanijui. Nikaona heri niwe na aliyekufa akinipenda."

"Nitajuaje kwamba hakujui? Unaongea sana siku hizi, siwezi kujua lipi la kweli."

Tepu alitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa, akaiegemeza juu ya kompresa ya jokofu.

"Halo, nani mwenzangu?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Mimi, baba."

"Mimi nani?"

"Binti yako."

"Ahaa, mwanangu. Nilibadilisha simu, namba zikapotea. Kuna shida?"

"Hakuna. Nakusalimia tu."

"Vizuri, vizuri. Ukarani unaendaje?"

"Nasomea mavazi, baba. Niko mwaka wa pili."

"Ndiyo, ndiyo, mavazi. Haya, msalimie shangazi yako. Nina mteja hapa."

Simu ikakatika. Tepu hakuweza kuinua uso. Alijiona uchi kuliko angevuliwa nguo, akasubiri ile huruma ambayo na yeye, kumbe, haiwezi.

Friji alikuwa akivuta uzi uliotoka kwenye bega lake baya.

"Mwaka wa pili," alisema hatimaye. "Ubunifu wa mavazi. Ukifikiri unauma ncha ya tepu. Ukiona kola ya mtu imepigwa pasi vibaya unaumia kama umetukanwa wewe."

"Shangazi yangu ni mpiga pasi. Nimekulia chini ya meza yake. Nilikuwa nawajua watu wa mtaa kwa kola zao."

"Hilo hukuniambia."

"Niliona si hadithi."

"Nimeliona bila kuambiwa." Akauachia ule uzi. "Nimekasirika, Tepu. Nitakasirika muda mrefu, usinibembeleze."

"Sitakubembeleza."

"Na mwenzako umuombe radhi mpaka achoke."

"Ameshaanza kuchoka."

Kisha Friji akakunja uso kama mtu aliyekumbuka deni.

"Na vitunguu?"

Tepu alitazama sakafu. "Navipenda. Vibichi, vya kukaanga, vyovyote."

"Miezi yote hiyo nimekuwa nakutolea sahanini."

"Nilikuwa naviangalia vikienda."

Friji alibana mdomo, hasira zake azilinde, na mabega yote mawili, lililonyooka na lililoporomoka, yakaanza kutikisika. Tepu naye kicheko kikamtoka, kidogo, kupitia puani, kabla kiganja hakijafika.

"Hicho nacho cha nani?" Friji aliuliza.

"Changu," alisema, akaushusha mkono.