Rimoti Iliyozikwa Pamoja na Calist

Haya yalimkuta rafiki yangu Naftali, na hata leo akiyasimulia anashusha sauti.

Alirithi pikipiki kubwa ya safari ya marehemu kaka yake, Calist, ile isiyochomekwa ufunguo. Rimoti ikiwa mfukoni, unabonyeza inawaka. Ukiiacha rimoti nyuma pikipiki ikiwa inatembea, taa nyekundu inawaka mbele yako. Alipomuuliza shemeji yake Lea iko wapi rimoti ya spea, mjane yule alitazama chini.

"Shemeji, ilibaki kwenye koti tulilomzika nalo."

Jioni moja Naftali alikuwa anampelekea mama yake dawa Kiomboi. Akasimama njiani kukaza mzigo, na alipobonyeza kuwasha, kimya. Betri ya rimoti ilikuwa imekufa. Akaanza kuisukuma gizani, hasikii kitu ila matairi yakisaga changarawe na pumzi zake mwenyewe, mpaka akafika shamba la familia, ambapo Calist amezikwa kando ya barabara.

Usawa wa kaburi, upepo ukaacha kuchakarisha alizeti kavu. Taa za pikipiki zikawaka zenyewe.

"Kaka, nampelekea mama dawa," alisema kwa sauti ndogo.

Akabonyeza. Injini ikanguruma.

Aliondoka bila kugeuka, macho kwenye ile taa nyekundu, akiisubiri iwake, maana rimoti ilikuwa inabaki nyuma, chini ya udongo.

Njia nzima, hadi mlangoni kwa mama, haikuwaka.