Jiwe la Njano na Kikombe cha Ndoa

Asubuhi ile Monique alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yake ya Cimpunda. Alitwanga huku akiimba. Mtoto wake Pascal alikuwa karibu kuoa, na ng'ombe wa mahari alikuwa tayari. Jina lake Nyange, mweupe, mnene, anakula majani kwa shemeji ya Monique, kule kijiji cha Mudaka. Kesho yake wazazi wa bibi arusi, Clémence, walikuwa wanamngojea.

Mara mume wake, Stanislas, akafika mbio kutoka Mudaka. Kofia mkononi, matope mpaka magotini.

"Mama Pascal! Acha sombe! Tumekuwa matajiri!"

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na jiwe kubwa kama yai la bata. Jua lililipiga, likawaka njano. Monique akaangusha mchi.

"Yesu Maria! Iko nini?"

"Dhahabu! Kile kilima cha mawe, ambacho hata mbuzi hawakitaki, kimejaa! Mwenye kilima anataka kalinzi tu. Kesho namupelekea Nyange."

Kalinzi ni ng'ombe ambaye Mushi, mtu wa kabila lao, anamtoa ili apewe udongo wa kulima. Ukishamtoa, harudi.

"Nyange? Na Clémence je?"

"Atangoja! Tutamutolea ng'ombe kumi!"

"Baba yake alisema hatangoja tena. Kesho ikipita, anamupa kijana mwingine. Utamwambia nini Pascal?"

Stanislas akalipangusa jiwe kwa kofia yake. Monique naye akalitazama jiwe. Lilikuwa zuri kweli.

"Haya," akasema. "Kwanza tulipeleke kwa Papa Gérard."

Gérard alikuwa jirani yao, fundi wa baiskeli. Lakini zamani, kwa miaka kumi, alikuwa akiosha vyombo katika laboratoire ya mgodi kule Mwenga, mahali wanapopima mawe. Mikono iliosha, macho yalijifunza.

Akaligeuza jiwe juani.

"Linang'aa. Lakini rangi ya nje iko kama maneno ya muuza mbuzi. Usiamini haraka. Tuulize unga wake. Mama Pascal, uko na kikombe cha porcelaine, kile cha kauri nyeupe?"

Monique alikuwa nacho kimoja tu, cha ndoa yake mwenyewe. Akakileta kwa mikono miwili. Gérard akakipindua.

"Angalieni hapa chini, huu muviringo ambao haung'ai. Ni mukavu, unakwaruza. Jiwe likipita hapa linaacha mustari. Mustari ni unga wa jiwe. Jiwe linaweza kuvaa nguo yoyote, lakini unga wake haubadiliki ovyo."

Akamwita mke wake. "Valérie, leta pete yako! Ile ni dhahabu kweli."

"Ukiiharibu, utanunua ingine!" Valérie akasema, lakini akaivua.

Pete ikapita polepole. Ikaacha mstari mdogo wa njano.

"Dhahabu inaandika njano," Gérard akasema. "Sasa hili."

Akachukua jiwe jeusi lililokuwa linashikilia mlango wake. Akalikwaruza. Majirani waliokuwa wamekusanyika wakapiga kelele: mstari ulikuwa mwekundu kama tofali!

"Nje nyeusi, ndani nyekundu! Hili ni jiwe la chuma. Papa Pascal, sasa weye. Kwaruza mwenyewe."

Watu wakasogea karibu. Stanislas akalisogeza jiwe lake kwenye kikombe. Monique akashika kitambaa chake cha kichwa, akaomba kimoyomoyo, hata hajui anaomba nini.

Kriii!

Mstari ulikuwa mweusi, na ukijani kidogo ndani yake. Mweusi kama masizi ya chungu.

Stanislas akakwaruza tena. Mweusi. Mara ya tatu, mweusi.

"Labda kikombe iko muchafu!"

"Kikombe changu? Muchafu?" Monique akaruka. Watu wakacheka mpaka Valérie akakaa chini.

"Hii ni pyrite, si dhahabu," Gérard akasema kwa upole. "Imekwisha kudanganya wazungu wengi. Na hata ingekuwa dhahabu, ndugu yangu, Bula Matari, serikali, angechukua kilima, na weye ungefungwa buloko."

Stanislas akalitazama jiwe lake. Kisha akamtazama mke wake.

"Mama Pascal," akasema, "kamba ya Nyange iko wapi?"

Kesho yake, kabla ya jua kuwa kali, Nyange aliingia kwa wazazi wa Clémence. Wanawake wakapiga vigelegele.

Siku ya ndoa, watu walikunywa, wakacheza. Katikati ya furaha, Xavier, baba yake Clémence, akamvuta Stanislas pembeni. Akatazama huku na huku, akafungua kitambaa. Kitu cha njano kikang'aa.

"Mukwe," akanong'ona, "usiambie mutu. Nimekipata mutoni."

Stanislas hakucheka. Akamwonyesha kikombe cha porcelaine ambacho Xavier mwenyewe alikuwa anakunywea chai.

"Maliza chai kwanza, mukwe. Nataka kikombe chako."