Aliyelala Chini ya Boneti

Aliyeisimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni binti wa fundi, siku tatu baada ya mazishi ya mama yake, miaka kumi na tisa iliyopita. Aliisimulia jikoni, mlango umefungwa, na hakukubali kuirudia tena. Yaliyomo humu ni aliyoyaona mwenyewe, na machache aliyoambiwa na baba yake.

Fundi alikuwa na mazoea yake. Msimu wa baridi, paka wa mtaani walipenda kuingia chini ya boneti la gari lake kutafuta joto, basi kila alfajiri kabla ya kupiga starta aligonga boneti mara tatu ili wakimbie. Jumatatu moja aligonga, na kutoka ndani akajibiwa: mara tatu, polepole. Fundi alicheka. Siku hiyo hakuwa na safari, alitaka tu kuipasha injini.

"Kaa tu," alimwambia paka. "Leo siendi popote."

Kesho yake gari halikuwaka.

Starta ilizunguka vizuri, betri ilikuwa na nguvu, lakini injini haikushika. Kwa fundi aliyefungua magari ya dizeli miaka thelathini hilo lilikuwa jambo dogo. Ubaya ni kwamba ilikuwa Jumanne, na kila Jumanne na Ijumaa mkewe alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu figo zake zilikuwa zimekufa. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima na zamu yake ilikuwa saa moja asubuhi. Ukichelewa, mashine anapewa mwingine. Jirani aliwabeba kwa gari lake, wakafika saa mbili na robo, wakaambiwa warudi Ijumaa. Jumatano jirani naye akasafiri. Basi la kwanza lilipita mtaani saa mbili, na gari la wagonjwa, kila walipopiga simu, lilikuwa njiani.

Fundi akaingia kazini. Alibadilisha filta ya dizeli. Alitoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Alilegeza nati za nozeli, mafuta yakaruka hadi kwenye kola ya shati. Binti yake, mwalimu aliyeomba ruhusa shuleni ili amuuguze mama, alikaa kwenye usukani.

"Piga!"

Starta ikalia.

"Basi! Basi, nimesema! Unataka kuua betri?"

"Umesema piga, baba."

"Nimesema piga, sijasema pigilia."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye dirisha linalotazama karakana, akiegemea mito mitatu, maana tangu Jumanne hakuweza tena kulala chali. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya mumewe vilimbana. "Magari ya watu wote yanawaka," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "La kwako ndilo limegoma. Nikuitie fundi?"

 Fundi alitupa spana kwenye ndoo.

Kwenye bomba la moshi ulitoka moshi mweupe, kwa hiyo mafuta yalifika na hayakuungua. Kilichokosekana ni joto. Alhamisi mchana alizifungua plagi zote nne za kupasha joto, akazijaribu moja moja kwenye betri. Zote zikawa nyekundu kama makaa. Akazirudisha: gari kimya. Akazitoa tena, akatukana, akazirudisha. Mara ya tatu, kwa hasira tu, akashika moja kwa koleo ikiwa nyekundu na kuisogeza karibu na tundu lake bila kuifunga. Wekundu ukazimika. Haukufifia, ulizimika kama mshumaa. Akaishika kwa vidole, ikawa baridi kama imetoka kwenye barafu, na hapo ndipo binti aliposikia harufu ya nywele mbichi zilizoungua.

"Baba, ule moshi," alinong'ona.

Moshi mweupe haukupanda. Ulikuwa umetambaa chini ya gari, ukaenea sakafuni mwa karakana na kurudi kujikusanya chini ya injini.

"Baridi hiyo," alisema fundi. "Piga tena. Nione kama inavuta hewa."

Akalichomoa bomba la hewa kwenye filta yake na kuziba tundu la bomba kwa kiganja, kama afanyavyo fundi yeyote. Starta ilipozunguka, injini ikakinyonya kiganja chake, ndivyo inavyotakiwa, naye akaridhika, akamwashiria binti aachie ufunguo, na ufunguo ukaachiwa na starta ikanyamaza na feni ikasimama, lakini bomba likaendelea kuvuta, polepole, kwa muda mrefu, kama mtu aliyelala anavyovuta pumzi, kisha likatulia kidogo na kuitoa pumzi ile ile katikati ya kiganja chake, ikiwa baridi na yenye unyevu, kisha likavuta tena, na binti aliyekuwa amekaa mikono mapajani, ufunguo ameushikilia kwa nguvu, aliona uso wa baba yake na kuelewa kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake mzee hajui gari lina nini.

Jioni ile binti alimfuata Bi Mrefu. Mwanamke huyu aliuza nguo za mitumba mchana, na watu walimjua kwa kazi nyingine ambayo hakuitangaza. Alikuja Ijumaa saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, na hakuivua.

"Nasikia umebadilisha kila kitu," alimwambia fundi.

"Kila kitu."

"Na mimi nafanya hivyo hivyo, naondoa sababu moja moja. Umenunua kifaa cha gari lililoua mtu?"

"Hapana."

"Umeliegesha makaburini?"

"Nina akili zangu, Bi Mrefu."

"Umezungumza nalo?"

 Fundi akamweleza habari ya paka.

Bi Mrefu alisonya. "Umemkaribisha kwa mdomo wako, halafu unamfukuza kwa spana! Huyu anatafuta joto tu. Baridi ikiisha ataondoka mwenyewe. Ni miezi miwili."

"Mke wangu hana miezi miwili. Hana siku mbili. Msikilize."

Wakasikiliza. Kutoka dirishani ilisikika pumzi ya mgonjwa, yenye maji ndani yake.

Bi Mrefu aliwasha makaa kwenye jiko, akalisukuma chini ya injini na kuanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Makaa yakawa meusi kabla hajafika katikati. Akawasha mengine. Nayo yakafa.

"Joto lote analimaliza mara moja," alisema kwa kunong'ona. "Hawezi kutoka nje kwenye baridi hii bila pa kwenda. Anataka kitu kinachojipasha chenyewe."

"Kama nini?"

"Chenye damu. Na kuku hatoshi, usiniulize. Ngoja nimwone mgonjwa kwanza, tujue tuna muda gani."

Akaingia ndani. Fundi alimtazama hadi mlango ulipofungwa, kisha akaliendea bomba la hewa, akaweka viganja vyote viwili, akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa chuma. Binti alikuwa kwenye usukani, kioo kimeshushwa, akasikia kila neno.

"Toka humo. Hapa pana joto. Karibu."

Boneti lililia kama bati linalopoa. Fundi alinyooka ghafla, mabega juu, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji.

"Piga," alisema.

Injini ikashika mara moja.

Bi Mrefu alitoka mbio. Alilitazama gari linavyonguruma, akamtazama fundi, akarudi nyuma hatua mbili. "Umefanya nini wewe?"

"Nimetengeneza gari," alisema fundi, midomo ikimtetemeka. "Mleteni mama."

Walifika saa moja kasoro dakika tano. Mama alipewa mashine yake. Aliishi miaka saba zaidi, na katika miaka hiyo alilala chumba cha peke yake. Alisema mumewe ni mwema kama zamani, ila huwezi kulala ubavuni mwa kisima.

Mama alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Bi Mrefu alimfuata mwaka mmoja baadaye. Binti alifariki miaka minne iliyopita. Jirani yu hai, amezeeka, na hakuwahi kuambiwa lolote.

Fundi naye yu hai. Ana miaka themanini na mitatu, na tangu Ijumaa ile hajaugua hata mafua. Kutwa anakaa juani na mablanketi mawili. Wajukuu wanampenda, anawachekesha sana, lakini wazazi wao wamewakataza kukaa mapajani mwake.