Jerotich na Tenzi za Wahindi

Kila asubuhi, akiwa kwenye basi la kwenda kazini, Jerotich alimtumia bintiye Cherono mahubiri ya sauti kwa WhatsApp. Heshimu wazazi. Usiseme uongo. Dakika arobaini nzima! Mchana kutwa aliogesha wazee wa watu. Jioni, nyumbani kwao Langley Park, Marekani, alianza kuhubiri upya.

Cherono alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa ameacha kuongea na mama yake. Jumatano alisema neno moja tu.

"Jumamosi nahamia kwa Dad, mjini Columbia."

Jerotich alichemka kwa hasira. Mtoto aliyemlea peke yake! Mezani akaona daftari la Cherono. Limejaa habari za tenzi za kale za Wahindi, zilizotungwa kwa Kisanskriti. Basi, mchawi amepatikana. Akaenda mbio maktaba ya mtaa, kwa Dorothea, Mtanzania aliyefundisha Cherono na vijana wengine huko.

"Madam, unafundisha mtoto wangu miungu ya Wahindi? Sisi ni Wakristo!"

"Dada, hasira hasara. Simfundishi kuabudu. Ninaeleza jinsi tenzi hizo zilivyofundisha watu."

"Zilifundishaje?"

"Kwa masimulizi. Wengi hawakujua kusoma. Msimulizi alighani habari za wafalme, vita, na ndugu waliogombana. Dini na wajibu vilikuwa humo humo. Shujaa akikosea, watu waliona anavyoteseka. Tenzi zikaenda nchi hadi nchi, kila jamii ikizisimulia kwa lugha yake. Si yote yalikuwa mema. Ubaguzi wa matabaka nao ulipenya humo. Ndiyo maana vijana wangu wanauliza maswali."

"Mimi humwambia ukweli moja kwa moja!"

"Na anakusikia?"

Jerotich alitoka bila kuaga. Alikuwa bado na hasira, ila sasa alijikasirikia mwenyewe.

Jumamosi Cherono alikuwa anafunga begi. Mama yake akaketi kitandani. Hakuhubiri.

"Nikiwa na umri wako nilivunja kibuyu cha maziwa cha mama. Nikasema ni kaka yangu Mutai. Baba akachukua fimbo."

Cherono akaacha begi. "Wait, Mum. Wewe ulidanganya?"

"Nilidanganya. Nikasimama pale, nikamtazama akichapwa."

"Halafu?"

Honi ikalia nje. Baba yake Cherono alikuwa amefika. Msichana akafungua dirisha.

"Dad, rudi tu!" akapaza sauti. "Mum hajamaliza."