Picha Iliyokawia Nanyuki

Mambo haya niliambiwa na Magdaline, aliyekuwa mpishi wa chai katika ile ofisi ya Nyeri isiyo na kibao mlangoni. Alinisimulia mwaka wa tisini na nane, Agosti ya baridi kali, tukichambua maharagwe kwangu Wamagana. Aliapa kwamba hakutia chumvi. Nimeionja, naona iko sawa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Redio ya Motorola ilikohoa mezani.

"Ngendo... wamenishika. Picha nimeweka kwa kompyuta. Wananifunika na viazi, pamoja na pembe za ndovu..."

Redio ikakatika.

Sauti ilikuwa ya Theuri, mpelelezi wa Nanyuki.

Ngendo alisimama. Bastola ya Browning kiunoni, koti la ngozi, uso usiojua kucheka. Jasusi huyu alikuwa amefanya kazi na Theuri miaka sita, wakigombana kila siku ya Mungu. Sasa Theuri alikuwa amefungwa kamba chini ya magunia, ndani ya lori moja kati ya arobaini yanayoteremka na viazi siku ya soko. Wakimvusha mji wa Kenol, mbele barabara ni nyingi. Maiti hutupwa popote.

Akamwita askari wake redioni. "Kinoti, uko wapi? Ovaa."

"Kenol, Afande, kwa kizuizi. Nipekue yote? Ovaa."

"Ukipekua yote, huyo mwenye Theuri ataona foleni, ageuze, amuue. Ngoja nikupe nambari. Ovaa."

"Sawa, lakini saa sita yatakuwa hapa. Ovaa."

Nambari ya lori ilikuwa kwenye picha aliyoitaja Theuri. Picha ilikuwa ndani ya kompyuta ya Nanyuki, nyuma ya mlango wa chuma, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Theuri. Njia ilibaki moja tu: waya wa simu uliounganisha kompyuta ile na hii ya Nyeri.

Mbele ya kompyuta ya Nyeri aliketi Jesse, fundi mgeni wa wiki mbili. Shati jeupe. Manukato mengi.

"Zinakuja, Madam."

Mstari wa kijani kwenye kioo ulitambaa kama kinyonga mwenye mimba. Asilimia mbili.

Saa tano kasorobo. Asilimia tatu.

"Mbona polepole hivi?"

"Mtandao ni mtandao, Madam. Si punda uchape."

"Nimechapa wakubwa kuliko punda."

Ngendo aliinama chini ya meza. Plagi imekaza. Taa za modemu zinawaka zote. Akazima kompyuta ya pili iliyokuwa ikitumia laini hiyohiyo.

Asilimia nne.

Basi waya hauna kosa. Laini haina kosa. Aliyebaki ni mtu.

"Sogea."

"Madam, hii programu ya picha wewe hujui..."

"Nimesema sogea!"

Alisoma kioo, na damu ikamchemka. Programu haikuwa ikileta picha ya leo. Ilikuwa imeagizwa kuleta albamu nzima, picha elfu moja na mia mbili, kuanzia mizoga ya ndovu ya mwaka wa tisini na tatu. Ya leo ilikuwa mkiani. Ingefika kesho.

"Nani alikuambia ulete zote?"

"Nifanye nini? Nilitafuta iliyoandikwa 'lori', hakuna. Jionee mwenyewe."

Ngendo akachapa: LORI.

Hakuna picha.

GARI. Hakuna. VIAZI. Hakuna.

Jesse alitabasamu, tabasamu jembamba kama wembe.

Redio ikakoroma. "Afande, yale ya kwanza yamepita Sagana. Ovaa."

Magdaline alikuwa amesimama mlangoni na birika lake. Akauliza kwa upole, "Kwani hiyo rori ya Theuri bado haijaonekana?"

Ngendo aligeuka.

"Umesemaje?"

"Nimeuriza tu kama hiyo rori..."

Theuri! Mtu wa Tetu, aliyeandika vile anavyosema. Ripoti zake zilijaa "chakura" na "kurara", na Ngendo alikuwa akimcheka mbele ya wakubwa.

Akachapa: RORI.

Picha moja.

Tabasamu la Jesse likafa. Mkono wake uliruka kuelekea plagi ya simu. Kiatu cha Ngendo kilifika kwanza, na kifundo cha mkono kikalia *kwa!*

"Unalipwa na nani?"

"Wageni wenye pembe... Madam, wataniua!"

"Hao wako mbali. Mimi niko hapa."

Browning ilikuwa imeshamgusa shingo. Magdaline aliweka birika chini, akavua aproni, akamfunga mikono kwa kamba zake, fundo la kufungia mbuzi.

Ngendo akafuta agizo la albamu. Akaita picha ile moja.

Mstari wa kijani ukapiga mbio. Thelathini. Sabini. Mia.

"Kinoti! Isuzu ya buluu, KAG 417X, turubai lina kiraka chekundu. Hiyo peke yake. Ovaa."

"Naiona! Ni ya tatu..."

Risasi. Mbili.

Redio ikanyamaza. Ngendo akaongeza sauti ya redio.

"Afande. Dereva yuko na pingu, amelalia tumbo. Pembe ni sitini. Theuri ako hai, anatukana. Ovaa."

"Anamtukana nani?"

"Wewe, Afande. Ati umechelewa."

Ngendo alifunga zipu ya koti. "Chai ya Jesse usitie sukari," akamwambia Magdaline, akaenda zake.

Saa kumi jioni Theuri alikuwa kitandani hospitali ya Nyeri, mbavu mbili zimevunjika.

"Masaa yote hayo niko kwa viazi," akanung'unika, "na wewe unakunywa chai."

"Ungekufa ningechukua ofisi yako."

"Haina hata dirisha."

"Nyamaza. Lala."

Alilala. Ngendo aliketi akiutazama mlango mpaka askari wa zamu alipofika. Akamwachia kiti bila salamu, akashuka ngazi mikono mfukoni, akaingia kwenye Peugeot yake pale uani. Akakilaza kiti nyuma, na kabla hajavua viatu, usingizi ukamchukua.