Maji Yasiyopungua

Tumbawe la zambarau lilikutwa limekufa Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, ndani ya tangi la maji ya chumvi kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa. Mwani wa kijani ulikuwa umelifunika gubigubi, mrefu kama nywele zisizochanwa. Daktari wa meno, mwenye kliniki, alimpigia simu shangazi yake, mpelelezi mstaafu.

"Fundi wa tangi ameliua," daktari alimwambia Shangazi alipofika. "Marehemu baba alililea miaka kumi na moja. Mimi sijamaliza nalo hata miezi miwili. Ijumaa arudishe ufunguo wa kliniki."

Mkono wa kulia wa koti lake jeupe ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. Shangazi alidhani ametoka kunawa.

Hakupenda kesi inayofika na hukumu yake tayari. Tena marehemu alikuwa kaka yake wa damu. Akavuta kiti.

Alianza na dada wa usafi. "Unafutia nini kioo?"

"Kitambaa kikavu, mama. Mzee alinikataza sabuni. Hata sasa sithubutu."

"Unafika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Siku hizi namkuta daktari keshafika. Zamani alichelewa mpaka wagonjwa wakasinzia."

Binti wa mapokezi ndiye aliyelisha samaki. "Punje chache, mara moja kwa siku. Angalia mchangani, hakuna mabaki." Shangazi akainama. Kweli, mchanga ulikuwa safi.

Fundi wa tangi alikuja saa nne, daftari kwapani.

"Mama, kazi hii ndiyo jina langu mjini. Nikitoka hapa naitwa muuaji wa matumbawe, nani ataniita tena?"

"Nieleze unavyofanya."

"Kila Jumamosi naangalia mstari huu niliouchora kwenye kioo. Kwa wiki, maji hupungua vidole viwili kwa mvuke. Chumvi inabaki, kwa hiyo naongeza maji matupu, yaliyochujwa, ya dumu lile la bluu. Ya bomba hata tone sitii. Yanalisha mwani."

Shangazi akafungua daftari. Vidole viwili, viwili, viwili. Baada ya mazishi, sifuri. Wiki saba, sifuri.

"Hukushangaa?"

"Nilidhani ni hii baridi. Nikafurahi kazi imepungua." Fundi aliinamisha kichwa. "Hapo nimezembea, mama."

Shangazi aliutazama tena mstari. Kisha akalikumbuka koti, na moyo ukamuuma.

Saa saba mchana, kliniki ilipofungwa kwa mapumziko, aliwaita wote mbele ya tangi. Fundi alijaza vichupa viwili, kimoja maji ya dumu, kingine ya bomba, akadondoshea dawa ya kupimia. Ya dumu hayakubadilika. Ya bomba yakageuka bluu.

"Hiyo bluu ndiyo chakula cha mwani," alisema.

"Na maji hayajiongezi," alisema Shangazi. "Kuna mtu anayatia kila asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, kwa mkono wa kulia. Mwanangu, tuoneshe mkono wa koti lako."

Daktari alijibwaga kwenye kiti cha wagonjwa.

"Siku ya mwisho hospitalini, baba aliniambia, 'Usiache maji yashuke chini ya mstari.' Alikuwa anaendelea kusema, simu ya kazi ikaita, nikatoka. Niliporudi amelala. Hakuamka tena." Alifuta uso. "Kila asubuhi nachota bombani kwa kikombe cha kusukutulia, nakizamisha taratibu nisiwashtue samaki, naongea na baba. Niliona aibu kusema. Nikamtwisha fundi."

"Alichobakiza kukwambia ni dumu la bluu," fundi alisema kwa upole. "Mimi aliniambia mara mia."

Daktari akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, kaka. Ufunguo ni wako."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akachungulia kiooni. "Matumbawe ya pembeni bado yako hai. Yanataka kusuguliwa. Una mswaki?"

Daktari wa meno alicheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake, saa moja na dakika kumi, dada wa usafi aliwahi kufika. Alimkuta bosi wake mbele ya tangi, kikombe mkononi, dumu la bluu miguuni. Alikuwa ameizima simu.

"Haya, baba," alikuwa akisema. "Malizia."